MREJESHO: Programu ya kubana video za harusi, Linux inakubali, Windows inagoma

Wakuu, habari za leo. Niliuliza kuhusu skripti yangu ya Python inayoita ffmpeg (programu ya kubana video) kwa studio moja ya Sinza. Kwangu kwenye Linux ilikwenda safi, ila kompyuta zao za Windows ziligoma kila jina la faili lilipokuwa na nafasi, mfano "Harusi Mbezi.mp4".

Aliyesema niache kuunganisha amri nzima kuwa mstari mmoja na kuupeleka kwa shell (programu inayosoma na kutekeleza amri), Mungu akubariki. Nukuu za mkato mmoja (') nilizozungushia majina zinaeleweka kwenye sh, shell ya Linux, lakini cmd.exe, shell ya Windows, haizitambui kabisa. Sasa subprocess.run, amri ya Python ya kuita programu nyingine, inapokea orodha, kila hoja (kila kipande cha amri, mfano jina la faili) peke yake, bila shell=True, yaani bila kupitia shell. Majina yenye nafasi yanapita. Pia shutil.which ya Python inatafuta mapema kama ffmpeg ipo kwenye kompyuta, na isipoipata mtumiaji anaambiwa kwa Kiswahili, si ule ukurasa mwekundu wa makosa wa kutisha.

Kimebaki kimoja. Kompyuta ya mapokezi inaita ffmpeg kupitia faili la .bat (faili la amri ambalo Windows hulifungua kwa cmd.exe), na hapo cmd.exe inarudi mlango wa nyuma. "Asha&Juma.mp4" inakatwa kwenye &, ambayo kwa cmd.exe hutenganisha amri mbili, kwa sababu Python huweka nukuu pale tu hoja ina nafasi au iko tupu. (Na harusi gani ya Dar haina &?) Kompyuta zinazoita ffmpeg.exe yenyewe moja kwa moja hazina shida hiyo. Hiyo ya mapokezi nasubiri ruhusa ya mwenyewe niibadilishe. Kwa sasa wanaandika "na" badala ya &.

Ahsanteni sana.