Wakuu naomba ushauri: timu ya kulipwa, mmiliki anaanzia wapi?

Mzee wa Kibada:
Habari za jioni wakuu. Mimi humu ni msomaji wa siku nyingi, kuchangia ni mara chache. Niende kwenye mada. Kuna timu hapa Dar niko mbioni kuimiliki, na nataka iwe ya kulipwa kweli kweli, si ya kuokoteza. Tatizo sijawahi kumiliki timu. Nimewahi kuwa mweka hazina wa kikoba na katibu wa kamati ya mazishi, basi. Mwenye uzoefu anijuze: mishahara inapangwaje? Kocha unamwachia kazi yake au unamsimamia? Na hela inarudi baada ya muda gani? Saa nane usiku niko macho, nahesabu. Matusi sitaki.

Kiroboto wa Tandika:
Siti ya dirishani, nimewahi.

Chuma Chakavu:
Mkuu, mpira wa Bongo ni shimo. Ligi Kuu ina timu 16, kila timu mechi 30, nusu yake uko ugenini. Leo Mbeya, wiki ijayo Mwanza, basi, hoteli, posho, na bado daktari wa timu anataka hela ya barafu. Mimi nilifadhili timu ya mtaa tu, tena ya ndondo. Nilinunua jezi jozi mbili, nikawa nawapikia pilau kila Jumapili. Siku ya fainali kipa akagoma kuvaa glovu mpaka apewe elfu thelathini. Nikampa. Akafungwa nne.

Shangazi wa Kigogo:
Mama watoto anajua?

Mchambuzi wa Kahawa:
Kwanza tueleze ni klabu ya wanachama au ni mali ya mtu. Kwenye klabu ya wanachama mwekezaji anaishia asilimia 49, wenye timu wanabaki na 51. Simba walipigana miaka kwa ajili ya hizo namba. Ukitaka uamke asubuhi ufanye unalotaka, anzisha ya kwako kama Azam: uwanja wako Chamazi, vijana wako, kila kitu chako. 2013/14 walibeba ubingwa bila kufungwa hata mechi moja. Lakini yule mwenye Azam anauza unga, maji na aiskrimu nchi nzima. Wewe unauza nini?

Mzee wa Kibada:
Nashukuru sana kwa michango. Ila hayo ya ligi kuu hayanihusu moja kwa moja. Mimi naulizia uendeshaji.

Fundi Saa:
Uendeshaji wa nini sasa? Una wachezaji wangapi?

Mzee wa Kibada:
Waliosajiliwa 18. Wanaoingia uwanjani 9.

Fundi Saa:
Tisa? Wawili wana kadi nyekundu za kudumu?

Kiroboto wa Tandika:
😂😂😂 Niongezeeni kahawa.

Mchambuzi wa Kahawa:
Mzee, timu ya mchezo gani?

Mzee wa Kibada:
Sawa, niseme. Ni besiboli. Nilijua nikianza na hilo mtacheka badala ya kunishauri.

Chuma Chakavu:
Yaani nimeandika habari za kipa bure.

Binti wa Mwenge:
Besiboli si ile rede ya wazungu? Unarusha, mwenzako anakimbia, mama anakuita kuchota maji, mchezo umeisha. Tumecheza sana, hakuna aliyetulipa.

Mstaafu wa Osaka:
Vicheko vyenu vikiisha mnipishe. Nilisoma Japani miaka ya nyuma na huu mchezo niliukuta kama dini. Hapa kwetu haukuanza jana. Wajapani walianza kuufundisha mashuleni 2012, kuna uwanja Azania Sekondari, pale Upanga, na mashindano ya vijana wameyaita Koshien, kwa jina la uwanja wa kule kwao uliofunguliwa 1924. Watoto wanacheza vizuri tu. Kwa hiyo mzee hajachanganyikiwa, sana sana amewahi mno.

Swali lake nalijibu hivi. Japani timu za kulipwa ni 12, na karibu zote zina kampuni nyuma. Moja ni ya gazeti, moja ya reli, moja ya wauza nyama, moja ya wale wa maziwa ya chupa ndogo. Kwa miaka mingi makampuni hayo hayakutegemea faida ya tiketi, hasara ya timu waliihesabu kama gharama ya tangazo. Marekani ndiko mmiliki anatafuta faida: timu 30, kila moja mechi 162 kwa msimu, na fedha za televisheni ya taifa wanagawana sawa. Umeona hapo? Wanagawana. Mmiliki wa besiboli hauzi timu yake, anauza mechi, na mechi ni lazima awepo mwenzako. Yanga bila Simba ni watu wanafanya mazoezi tu. Sasa mzee wangu, wewe utacheza na nani?

Mzee wa Kibada:
Hilo nimeshalifikiria. Wa kwanza ndiye anayekula. Nikishaonekana, wengine watafuata waanzishe zao.

Fundi Saa:
Mkuu, umenunua daladala ya ruti ambayo barabara haijachongwa.

Shangazi wa Kigogo:
Naona swali langu linarukwa kama dimbwi. Mama watoto anajua? Na hela ni ya nini?

Mzee wa Kibada:
Dada, tusiingie kwenye ya nyumbani. Tujadili uendeshaji. Mfano ukocha. Nafikiria kocha niwe mimi mwenyewe kwa msimu wa kwanza, kupunguza gharama. Kanuni nimezisoma.

Mstaafu wa Osaka:
Yupo aliyejaribu. Ted Turner, yule tajiri aliyeanzisha CNN, alikuwa na timu ya Atlanta Braves. Mei 1977 ilikuwa imefungwa mechi 16 mfululizo, akamwambia kocha apumzike, akavaa jezi akakaa benchi mwenyewe. Wakafungwa na Pittsburgh 2-1, ikawa ya 17. Kesho yake rais wa ligi akamzuia, maana kanuni haikumruhusu mwenye hisa kuwa kocha wa timu yake. Na huyo alikuwa na televisheni.

Mchambuzi wa Kahawa:
Na yule Steinbrenner, mmiliki wa Yankees ya New York, aliyeinunua 1973? Kocha mmoja, Billy Martin, alimwajiri mara tano. Tano! Anamfukuza, anamrudisha. Hapa Kariakoo tungeelewana naye sana.

Binti wa Mwenge:
Hiyo sio timu, hiyo ni ndoa ya jirani yangu.

Mzee wa Kibada:
Basi kocha nitamwacha huyu aliyepo. Mishahara je? Nimepanga laki mbili kwa kila mchezaji, ila nianze kulipa timu ikishasimama. Hata Ohtani, yule Mjapani aliyekuwa mchezaji ghali kuliko wote wakati ule, 2023 alisaini dola milioni 700 na Dodgers ya Marekani akakubali 680 azipate baadaye, kuanzia 2034. Kama yeye kasubiri, vijana wa Upanga na Temeke watashindwa?

Fundi Saa:
Ohtani anasubiri huku anapokea dola milioni 2 kila mwaka, achilia mbali matangazo. Vijana wako wanasubiri wakiwa wamekula nini?

Chuma Chakavu:
Mpe mtu laki mbili ya ahadi uone. Kipa wangu aligoma kwa elfu thelathini tena taslimu mkononi.

Shangazi wa Kigogo:
Mimi bado nipo hapa hapa.

Mzee wa Kibada:
Haya dada. Ni mafao yangu. Milioni 46. Milioni 11 zimeshatoka: nusu ya bei ya timu nimemlipa jamaa aliyeianzisha, tumeandikishana kwa mwanasheria, na nimeagiza glovu na magongo ya mtumba kutoka Japani, yako bandarini. Siwezi kurudi nyuma, kwa hiyo msinishauri kuacha. Mama watoto anajua ni mradi wa kuku.

Shangazi wa Kigogo:
Astaghfirullah.

Fundi Saa:
46 toa 11 ni 35. Wachezaji 18 kwa laki mbili ni milioni 3 na laki 6 kwa mwezi. Hujagusa nauli, maji, kukodi uwanja, ushuru wa huo mtumba. Ni miezi tisa na ushei. Timu inatungwa na kufariki ndani ya mimba moja.

Mwana wa Marehemu:
Nichangie kidogo. Baba yangu alistaafu, akapata mafao, akanunua boti ya uvuvi Kunduchi. Hajui kuogelea. Kila tukimuuliza anasema nahodha ni mwaminifu. Nahodha alikuwa mwaminifu kweli, injini ndiyo haikuwa. Mzee alikaa miaka sita anaitazama ile boti iko juu ya mchanga, kuku wanataga ndani. Ndugu mchangiaji, uwe na kuku au usiwe nao, mwambie mkeo leo kabla hajaambiwa.

Mlokole wa Ubungo:
Mke ni msaidizi. Fedha iliyofichwa haina baraka. Niombe namba tufanye maombi.

Mstaafu wa Osaka:
Nina wazo moja, kisha nanyamaza. Kuna timu Japani inaitwa Hiroshima Carp, ilianzishwa baada ya vita na haikuwa na kampuni kubwa nyuma yake. 1951 ilikaribia kufa, mishahara haitoki. Wakaweka mapipa ya pombe ya mchele nje ya uwanja, mashabiki wakawa wanatumbukiza chochote walichonacho. Ipo mpaka leo. Sisi michango ni kazi yetu, harusi ya milioni ishirini tunaimaliza kwa kadi na vikao. Usiinunue peke yako. Wafanye wazazi wa hao vijana na shule zao wawe wenye timu pamoja nawe, na hizo 35 zirudi nyumbani.

Mzee wa Kibada:
Wazo zuri, ila kamati nazifahamu. Kila mtu mwenyekiti.

Kipanga72:
Samahani niwakatishe. Nimefukua nyuzi za huyu mzee. Mwezi wa tatu aliuliza dawa ya kuku wanaokohoa, akasema yuko Kahama. Leo yuko Kibada ana timu ya besiboli na anamjua Ohtani mpaka mwaka wa malipo. Hii ni chai, tena ya rangi. Mnapoteza bando.

Kiroboto wa Tandika:
Ebu! Nilijua tu. Kontena la magongo 😂 Ungesema hata jozi.

Binti wa Mwenge:
Jamani mimi nilishaanza kumhurumia mama wa watu.

Chuma Chakavu:
Chai au si chai, kipa wangu ni wa kweli.

Mchambuzi wa Kahawa:
Kipanga, mtu hawezi kuhama? Wewe mwenyewe mwaka jana ulikuwa injinia, mwaka huu unatafuta kazi ya udereva.

Kipanga72:
Usiniletee maisha yangu hapa. Aweke picha ya risiti.

Mzee wa Kibada:
Kahama nilikuwa kazini, nimestaafu mwezi wa sita nimerudi nyumbani kwangu. Kuku walikuwepo, 400, mke wangu aliwaona kwa macho yake. Kideri kiliwamaliza kwa siku nne. Kufa kwao sikumwambia. Ya Ohtani ananieleza kijana wangu mmoja wa timu. Na sikusema kontena, nimesema glovu na magongo. Ni maboksi mawili. Risiti ina jina langu, siweki.

Kipanga72:
Jibu la kila mpika chai.

Mkono wa Kushoto:
Shikamoo mzee. Wakubwa wote shikamooni. Nimetumiwa huu uzi na rafiki. Mimi ni mrushaji wa hiyo timu, si chai. Mzee huwa anakuja na kigoda chake anakaa nyuma ya mdakaji, tumemwambia mara tatu asikae pale. Habari za Ohtani nilimpa mimi, ila sikumwambia ili tusilipwe. Mzee, nauli ya Jumamosi bado, tulikuwa 14, elfu mbili mbili. Kocha naye anauliza magongo yanatoka lini, tumebaki na mawili na moja limepasuka.

Kipanga72:
Mh.

Mzee wa Kibada:
Marahaba mwanangu. Njoo inbox.

Mkono wa Kushoto:
Tuje wote 14?

Shangazi wa Kigogo:
Elfu ishirini na nane tu, mmiliki. Tuma hapo hapo.

Mzee wa Kibada:
Nimetuma kwa nahodha. Angalieni simu.

Mkono wa Kushoto:
Imeingia mzee, asante. Ila ni ya watu 9.