Mstari wa kijani kwenye kioo cha simu ya miaka minne: ni uzee au ni joto?

Dereva wa Temeke:
Ndugu zangu, habari za kazi. Mimi ni dereva wa teksi za mtandaoni hapa Dar es Salaam. Simu yangu yenye kioo cha OLED (aina ya kioo kinachojitolea mwanga chenyewe) hukaa juu ya dashibodi tangu asubuhi hadi usiku, ikiwa kwenye chaji, ramani imefunguliwa na mwangaza umepandishwa hadi mwisho. Mwezi Januari ulijitokeza mstari mwembamba wa kijani kutoka juu hadi chini. Mwanzoni ulikuwa ukija saa nane mchana na kutoweka jioni, lakini sasa hauondoki kabisa. Aidha, nikifungua ukurasa mweupe naona kivuli cha vitufe vya ramani, kana kwamba vimechapwa ndani ya kioo. Simu haijawahi kuanguka wala kuingia maji. Fundi mmoja alisema tatizo ni programu, akafuta kila kitu na kuiweka upya; nikapoteza picha za wanangu na mstari ukabaki palepale. Je, ni joto lililoharibu kioo hiki, na nikikibadilisha tatizo halitarudi?

Fundi wa Kariakoo:
Pole sana kaka, hasa kwa picha za watoto. Kabla ya kufuta chochote, fundi huyo alipaswa kupiga skrinishoti na kuitazama kwenye simu nyingine: mstari ukionekana ndani ya picha, kosa ni la programu, usipoonekana, kosa liko kwenye kioo chenyewe. Kipimo hicho hakimalizi hata dakika moja.

Mstari na kivuli ni magonjwa mawili tofauti, ingawa joto huyachochea yote mawili. Nitaeleza la mstari. Kila safu ya nukta ndogo zinazounda picha hupokea amri kutoka kwenye chipu inayoendesha kioo, na katika simu nyingi amri hizo hupita kwenye utepe mwembamba wa plastiki uliokunjwa nyuma ya ukingo wa chini. Viungo vya hapo havilehemiwi, bali hubandikwa kwa gundi maalumu yenye chembechembe zinazopitisha umeme. Plastiki, gundi na kioo havitanuki kwa kiasi kimoja vinapopata joto, kwa hiyo kila mchana vinavutana na kila usiku vinarudi, mpaka baada ya miaka kiungo cha safu moja kinalegea. Ndiyo maana mstari wako ulianza kwa kuja na kuondoka. Wiki hii nilikuwa na simu ya namna hiyo mezani: nilipobonyeza ukingo wa chini kwa ukucha mstari ulitoweka, nilipoachia ukarudi.

Sasa fanya jambo moja kabla ya kununua kioo. Vua kava, laza simu chali juu ya meza ya kioo, kisha isukume pembeni kwa kidole. Ikizunguka au kuyumba, au ukiona upenyo kati ya kioo na fremu, huenda betri imevimba. Joto na chaji ya kutwa huvimbisha betri kuukuu, nayo husukuma kioo kutoka ndani. Ukiweka kioo kipya juu ya betri hiyo, utakuwa umetupa fedha.

Mswahili wa Muscat:
Niongeze kuhusu kivuli. Katika OLED kila nukta hutoa mwanga wake yenyewe, na maada ya kikaboni inayotoa mwanga huo huchakaa kwa matumizi. Ya bluu ndiyo huchoka mapema zaidi. Mwangaza mkali na joto huharakisha uchakavu. Nukta zilizoonyesha vitufe vilevile kwa miaka minne haziwezi tena kufanana na jirani zake, na hakuna dawa ya kuzirudisha. Programu zinazodai kufuta kivuli huzichosha tu nukta zilizobaki.

Wengine huchanganya jambo hili na vioo vya LCD, aina nyingine inayotumia taa ya nyuma. Simu yangu ya zamani ya LCD iliwahi kuingia weusi ndani ya gari, kisha ikapona yenyewe ilipopoa, kwa sababu fuwele zake za kimiminika hupoteza mpangilio zikipata joto kali na kuurejesha baadaye. Uchakavu wa OLED haurudi nyuma. Apple huelekeza iPhone itumike mahali penye nyuzi joto 0 hadi 35. Huku kwetu mwezi Juni hata kivulini hupita 40, sembuse nyuma ya kioo cha gari.

Dereva wa Temeke:
Nimefanya vipimo vyote. Skrinishoti ni safi, na simu inazunguka mezani kama kisahani. Je, niiweke kwenye friza kidogo ipoe?

Fundi wa Kariakoo:
Tafadhali usiiweke. Ukiitoa, unyevu wa hewa yetu ya pwani utageuka matone ya maji ndani yake. Acha kuichaji, usiibonyeze wala kuitoboa betri, na hamisha kila ulichonacho kabla haijafunguliwa, kwa kuwa gundi ya fremu hulainishwa kwa joto na kioo kilichochoka huweza kuzimika papo hapo. Badilisha betri na kioo kwa pamoja, na uulize waziwazi kama kioo unachouziwa ni OLED. Ukirudi barabarani, hamishia kishikizo cha simu kwenye tundu la kiyoyozi, tumia ramani ya rangi nyeusi, na uchomoe chaji ikifika asilimia 80.

Dereva wa Temeke:
Ahsante sana, fundi. Namba za abiria wangu na picha chache za tangu Januari nimezihamishia kwenye simu ya mke wangu, na yangu nimeizima. Kesho asubuhi nitaipeleka kabla jua halijapanda.