Betri ya trela wakati wa theluji: niitoe au niiachie sola?

Binti_Tanga_MN
Hamjambo wenzangu. Nipo Minnesota, kaskazini mwa Marekani, nina trela ya kulala niliyoinunua mtumba kwa jirani: paneli moja ya wati 100 juu ya paa, betri ya asidi ya ampea-saa 100. Kiangazi tunaivuta hadi juu ya Duluth, ukingoni mwa Ziwa Superior, na haijawahi kutulaza gizani. Msimu uliopita wa baridi nilizima kila kitu, nikafunga mlango, nikijua sola itailea. Machi nikafungua sanduku: betri imevimba ubavu, ina ufa, asidi imekula chuma chote cha chini. Iliniuma, ilikuwa na miaka 2 tu. Nimenunua nyingine kama ile na theluji ya kwanza imeshaanguka. Niitoe? Gereji yangu haina hita, baridi ni ile ile ya nje. Muuzaji mmoja ananisukuma nihamie lithiamu, eti haitaki matunzo.

Fundi_Edmonton
Pole sana dada. Hiyo iliganda, na iliganda kwa kuwa ilikuwa tupu. Betri ikijaa, asidi yake ni kali, haigandi hata kwenye nyuzi 50 chini ya sifuri. Ikiisha, kinachobaki ndani ni karibu maji matupu. Nyuzi 8 au 10 chini ya sifuri zinatosha kuipasua. Kwa hiyo gereji baridi si tatizo kabisa, mradi iingie imejaa.

Nani aliimaliza? Angalia kengele ya gesi, ile iliyo chini karibu na sakafu. Haina swichi. Ikila miliampea 60 tu, kwa siku ni karibu ampea-saa 1.5, yaani betri nzima ndani ya miezi miwili na kitu. Na paneli ilikuwa chini ya theluji. Hata ukiifagia, huko kwenu Desemba jua la adhuhuri halipandi nyuzi 25 juu ya upeo, na paneli yako imelala chali.

Mimi nafanya hivi: naijaza kwa chaja ya ukutani, kisha naongeza maji ya betri yasiyo na asidi (usiyajaze kabla, yatafurika; kabla ya kuchaji ongeza kidogo tu kama sahani za ndani zimebaki wazi). Natenganisha waya za paneli kwenye kontrola (kifaa kinachodhibiti umeme wa sola unaoingia kwenye betri) kwanza, ndipo betri, nikianza na hasi. Ukitoa betri paneli ikiwa bado inasukuma umeme, unaweza kuunguza kontrola.

Baba_Wawili
Kuhusu lithiamu, muulize huyo muuzaji kama ina hita ndani. Lithiamu haichajiwi chini ya nyuzi 0, inaharibika moja kwa moja. Yangu naiweka kabatini chumbani ikiwa nusu, haiguswi mpaka Aprili.

Binti_Tanga_MN
Asanteni mno. Kengele ya gesi ipo, taa yake ya kijani inawaka hadi sasa hivi! Nimepima: volti 12.3, na sijaitumia tangu Oktoba.

Fundi_Edmonton
12.3 ni kama asilimia 60 ya chaji. Ichaji leo leo. Iache ipoe usiku mzima ndipo upime, ikisoma 12.6 au 12.7, fungua waya uilaze gerejini. Pima tena katikati ya Januari, ikishuka 12.4 irudishe kwenye chaja.

Binti_Tanga_MN
Nimeshaitoa kwa spana namba 10, ipo kwenye chaja mlango wa gereji ukiwa wazi. Kesho asubuhi nawaletea namba.