Romeo and Juliet: kwa nini Padri Laurence hakwenda kwa wazazi?

Mwalimu wa Moshi
Ndugu wanajukwaa, shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Wanafunzi wangu wa kidato cha sita wanaandaa igizo hili la Shakespeare, na wamekwama pale Padri Laurence anapokubali kuwafungisha Romeo na Juliet ndoa ya siri, akitumaini kwamba itazima uhasama wa familia zao, Montague wa Romeo na Capulet wa Juliet. Wengi wao wamekulia Marangu na Kibosho, ambako aliyemkosea mwenzake hutuma wazee na jani la sale kuomba msamaha, na kulikataa jani hilo ni jambo zito. Wanauliza: je, mlango wa namna hiyo haukuwepo Verona, mji wa igizo hili?

Msomaji wa Arusha
Mwalimu, naamini ulikuwepo. Katika karamu ya akina Capulet, Tybalt, binamu yake Juliet, anaitambua sauti ya Romeo na kuagiza upanga wake, lakini mzee Capulet, baba yake Juliet, anamzuia, anasema Verona nzima inamsifu Romeo kuwa kijana mwenye adabu, na Tybalt anapozidi kubisha anamfokea vikali. Mzee huyohuyo alikuwa amemwambia Paris, aliyekuja kumposa Juliet, kwamba binti yake hajatimiza hata miaka 14 na kwamba ridhaa ya binti mwenyewe ni lazima. Baba wa namna hiyo alikuwa anaongeleka, na inaniuma kwamba hakuna mtu mzima hata mmoja aliyejaribu.

Mama Usa River
Ndugu yangu wa Arusha, karamu hiyo ni kweli, ila usisahau kwamba siku chache baadaye, Juliet anapomkataa Paris, baba huyo anamwambia akaombe, afe njaa, afie barabarani. Tena ugomvi haukuwa mikononi mwa wazee peke yao: igizo linaanza na watumishi wa nyumba hizo wakichokozana njiani, mmoja akiuma kidole gumba ili kumtusi mwenzake, na dakika chache baadaye panga ziko nje. Kwa hiyo ndoa ile ya siri ya Jumatatu ninaielewa. Nisichoweza kumsamehe padri ni kinachofuata. Paris anakwenda kwa padri mwenyewe kupanga harusi yake na Juliet ya Alhamisi, naye padri, akijua wazi kwamba binti ni mke wa mtu, hasemi; badala yake anampa Juliet dawa ya kumlaza saa 42, na usalama wa Romeo, aliyefukuzwa Verona na kukimbilia Mantua, anauweka kwenye barua moja, ambayo mbebaji wake anafungiwa ndani kwa hofu ya tauni.

Mwalimu wa Moshi
Nawashukuru sana. Maneno ya mzee Capulet kwa Tybalt tutayaacha yote bila kukata hata mstari. Mazungumzo ya Paris na padri tutayaigiza polepole, Laurence akiwa mbele kabisa ya jukwaa, ili watazamaji wauone uso wake wakati anaponyamaza.