Mjadala: Je, sheria iyalazimishe mashirika ya umeme kubaki na uwezo wa kuendesha vituo kwa mkono?

Hoja ninayoileta ni kwamba sheria iyalazimishe mashirika ya umeme kubaki na mafundi wanaoweza kuendesha vituo vya kupozea umeme kwa mkono, na kuuthibitisha uwezo huo kwa zoezi la kila mwaka. Wapo watakaosema kuwa huku ni kurudi nyuma wakati kila shirika linakimbilia udhibiti wa mbali. Kabla ya kuwajibu, tutazame yaliyotokea Ukraine.

Tarehe 23 Desemba 2015, mafundi wa zamu katika shirika moja la usambazaji la magharibi mwa nchi hiyo waliona kishale kikitembea chenyewe kwenye skrini na kukata umeme kituo baada ya kituo, huku wao wenyewe wakiwa wamefungiwa nje ya mfumo. Wadukuzi walikuwa wameingia miezi kadhaa kabla kupitia viambatisho vya barua pepe, wakaiba nywila, kisha wakavuka kutoka mtandao wa ofisi hadi mtandao wa mitambo kwa mlango uleule ambao wafanyakazi waliutumia kufanya kazi wakiwa mbali. Mashirika matatu yalishambuliwa siku hiyo, vituo vipatavyo 30 vikazimwa, na wateja wapatao 225,000 wakakosa umeme. Wavamizi walifuta pia kompyuta, wakaharibu vifaa vinavyopeleka amri vituoni, na kukilemea kituo cha huduma kwa wateja kwa simu za uongo. Pamoja na hayo yote, umeme ulirudi katika muda wa saa chache, kwa sababu mafundi walipanda magari, wakaenda vituoni na kurudisha swichi kwa mikono yao. Udhibiti wa mbali ulikuwa bado haujarejea kikamilifu miezi miwili baadaye.

Pingamizi kubwa ni gharama, nami silidharau. Udhibiti wa mbali huwezesha hitilafu kutengwa kwa dakika chache, na mara nyingi akiba ya kupunguza watumishi ndiyo iliyohalalisha ununuzi wake. Kumtaka meneja abakize mafundi, magari na redio za mawasiliano kwa ajili ya siku ambayo huenda isifike ni kumtaka airudishe sehemu ya akiba hiyo. Ninaona ni haki airudishe, kwa kuwa hasara ya siku hiyo haitamwangukia yeye bali hospitali, pampu za maji na wenye viwanda.

Wengine hupendekeza mitandao ya mitambo itengwe kabisa na intaneti. Kituo cha nyuklia cha Natanz nchini Iran kilikuwa kimetengwa hivyo, na bado programu ya Stuxnet, iliyogunduliwa mwaka 2010, iliingia humo na kuharibu mashinepewa, yaani mashine zinazozunguka kwa kasi kubwa ili kurutubisha urani.

Wapo pia wanaotegemea kanuni na faini, kama ilivyo Marekani, ambako mwaka 2019 kampuni moja ya umeme ilitozwa dola milioni 10 kwa kukiuka viwango vya lazima vya usalama wa mtandao. Faini hiyo si ndogo. Tatizo ni kwamba viwango hivyo vinahusu hasa uzalishaji na njia kuu za kusafirisha umeme, na kwa sehemu kubwa vinaacha nje mitandao ya usambazaji, yaani mahali hasa Ukraine ilipopigwa.

Hoja yangu ina upungufu mmoja, na sitaki mpinzani aonekane ameuvumbua. Julai 2019, City Power ya Johannesburg ilivamiwa na programu inayofunga data ili kudai fidia. Wateja wa malipo ya kabla wakashindwa kununua umeme, na walioishiwa wakakaa gizani ingawa nyaya zilikuwa na umeme. Kwetu tunaotumia Luku au tokeni za Kenya, hatari hii iko karibu zaidi kuliko ile ya swichi, na fundi aliyeko kituoni hawezi kuiondoa. Kwa hiyo naongeza sharti la pili: mfumo wa mauzo ukizimika, mita iruhusu umeme wa mkopo kwa siku chache, nalo deni likatwe katika ununuzi unaofuata.

Wanaopinga naomba waanzie kwenye sharti hilo la pili, hasa wanaofahamu mita zilizopo sasa: je, zinaweza kuwekewa mkopo huo mapema, au ni lazima zibadilishwe, na gharama hiyo ailipe nani?