Wanaosifia spika ndogo za bei nafuu, mnapima kwa masikio au kwa macho?

Wakuu salaam. Leo naandika na hasira zangu, mods wakiona neno limezidi walikate, ila hoja waiache.

Hivi nyie mnaojiita wachambuzi wa spika, hizi ndogo za kuweka kwenye rafu au mezani, huwa mnasikiliza nini hasa? Kila jozi ikitoka maneno ni yaleyale: "besi nzito, sauti safi, kwa bei hii haina mpinzani." Ikija nyingine, nayo haina mpinzani. Sasa kama zote hazina mpinzani, nani anashindana na nani?

Ninayo hapa jozi iliyosifiwa hivyohivyo. Msomaji wa taarifa ya habari akisema "mswada umesitishwa", kila "s" inachoma sikio, halafu sauti yake yenyewe, ile ya kifuani, inatoka imefifia utadhani kajifunika shuka usoni. Ukipiga muziki wa ngoma na vinanda kwa nusu dakika utasema loh, hizi zina moto. Kaa nazo jioni nzima uone kama hutatafuta pa kuzizimia. Na ile nusu dakika ndiyo "uchambuzi" wote tuliopewa. Watengenezaji wanalijua hilo vizuri sana, ndiyo maana wanapandisha besi kidogo, wanapandisha sauti za juu kidogo, katikati kwenye sauti ya binadamu wanapaacha bonde. Dukani inavutia. Nyumbani inachosha.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni kulinganisha spika mbili bila kusawazisha ukubwa wa sauti. Sikio la mtu lina udhaifu mmoja unaojulikana: ukimpigia vitu viwili, kimoja kikiwa juu ya kingine kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) moja au mbili tu, hatakwambia "hiki kiko juu". Atakwambia "hiki ni safi zaidi, kina besi zaidi, kina uhai." Watafiti Fletcher na Munson walishaonyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo sikio husikia besi kwa shida, na ukiongeza sauti besi inarudi yenyewe bila spika kubadilika chochote.

Sasa chukua spika moja inayotoa desibeli 84 na nyingine desibeli 88, zote zikilishwa volti 2.83 na kupimwa umbali wa mita 1. Ukibadilisha waya tu bila kugusa kitufe cha sauti, ya pili imeshashinda kabla wimbo haujafika kwenye kiitikio. Ili ya kwanza iifikie, amplifaya inatakiwa itoe nguvu zaidi ya mara mbili. Na hapo kuna ujanja mwingine: volti 2.83 kwenye spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) ni wati 1, lakini kwenye spika ya omu 4 ni wati 2. Kwa hiyo mwenye spika ya omu 4 anajipatia desibeli 3 za bure kwenye karatasi, na hakuna mchambuzi anayelisema hilo.

Kusawazisha si kazi ya maabara. Programu ya kupima desibeli kwenye simu haina usahihi mkubwa, sawa, lakini simu ileile, ikiwekwa palepale kwenye kiti unachokalia, ikipigiwa ule mvumo wa kupimia wa pinki noizi, inatosha kabisa kukuonyesha kwamba spika moja iko juu ya mwenzake. Unapunguza iliyo juu mpaka zilingane, ndipo unaanza kusikiliza. Ni kazi ya dakika chache. Mtu ana muda wa kupiga picha za boksi kila upande, kifungashio, mpaka vile vimpira vya chini, ila muda wa hili hana.

Na hizo picha ndizo zinazonileta kwenye macho. Mwaka 1994 watafiti wa sauti Floyd Toole na Sean Olive walitoa matokeo ya jaribio ambalo wasikilizaji walikuwa wafanyakazi wa Harman, kampuni ya spika, yaani watu wa fani. Walitoa alama wakiwa hawaoni kinachopiga, na wakazitoa pia wanaona. Walipoona, spika kubwa zenye sura zikapanda, na kile kisistimu kidogo cha plastiki cha bei ya chini kikashuka. Lililonishangaza zaidi ni hili: spika ikisogezwa sehemu nyingine ya chumba, walipokuwa hawaoni walilisikia badiliko hilo na alama zao zikabadilika. Walipokuwa wanaona, waling'ang'ania maoni yao kana kwamba hakuna kilichosogezwa. Macho yaliziba masikio ya watu wanaolipwa kwa kazi ya spika, sembuse mtu aliyepewa jozi ya bure aisifie.

Najua kuna atakayekuja na "mkuu, masikio yanatofautiana, kila mtu na ladha yake." Hapana. Toole alianza kuwapima watu hivyo tangu akiwa kwenye Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, na kilichojitokeza ni kwamba watu wenye usikivu wa kawaida, wakisikiliza bila kuona, wanakubaliana sana. Wanapenda spika isiyopendelea, ambayo haina mlima hapa na bonde kule, na ambayo sauti inayotoka kwa pembeni inafanana na inayotoka mbele. Waliokuwa wanayumba, leo alama hii kesho ile, wengi walikuwa na usikivu uliopungua. Ladha ya kutaka besi zaidi au pungufu ipo, na vitufe vya amplifaya vipo kwa ajili hiyo. Ila "s" inayochoma si ladha ya mtu yeyote.

Turudi kwenye karatasi ya sifa. "20 Hz hadi 20 kHz", yaani kutoka sauti ya chini kabisa hadi ya juu kabisa sikio linazosikia, kwenye kiboksi chenye wufa (ile koni ya sauti za chini) ya inchi 4! Namba hiyo bila kuandikwa kando yake imeshuka au kupanda kwa desibeli ngapi haina maana yoyote. Hata spika ya simu hutoa kitu fulani kwenye 50 Hz, ila huwezi kukisikia. Ukiona "±3 dB", yaani haipandi wala kushuka zaidi ya desibeli 3, hapo angalau mtu amejifunga. Wati za PMPO, zile namba kubwa za nguvu zinazoandikwa kwenye boksi, ndizo sizizungumzii kabisa, zile ni hadithi za kulalia watoto.

Na sisemi kiboksi kidogo kitoe besi ya ukumbini. Hofmann, yule ambaye jina lake ndilo H kwenye kampuni ya spika ya KLH, alishaliweka wazi: boksi dogo, besi inayoshuka chini, na spika inayotoa sauti kubwa kwa nguvu kidogo. Chagua mawili, la tatu utalikosa. Uzi wa chini kabisa wa gitaa la besi unapiga kama 41 Hz. Spika ndogo ya kweli itakupa kivuli chake tu, na sikio litajaza mengine kwa kusikia zile sauti za juu yake. Hakuna ubaya wowote hapo. Ubaya ni pale anapotokea mtu kuandika "huhitaji sabufa" kwa sababu amesikia mgutuko mmoja wa ngoma. Mpigie wimbo ambao gitaa la besi linatembea, linapanda na kushuka. Kwenye hizi zangu noti moja inavimba, inayofuata inapotea, ya tatu inavimba tena. Hiyo si besi nzito, hilo ni boksi na tundu lake la hewa vinaimba noti yao wenyewe.

Nikafungua skrubu nne za wufa nione ndani. Kipande cha pamba chepesi kimegandishwa ukuta wa nyuma kwa gundi. Waya wa wufa unatoka moja kwa moja kwenye viunganishi vya waya vya nyuma, hakuna koili ya kuizuia sauti za juu, hakuna chochote. Kwenye twita, ile ndogo ya sauti za juu, kuna kapasita moja tu ya kupunguza sauti za chini, imechomelewa kwenye mguu wake. Ndiyo krosova nzima, yaani sehemu ya kugawa sauti kati ya wufa na twita! Maana yake wufa inaachwa ipige mpaka kule juu ambako koni yake inaanza kujikunja na kupiga kelele zake, na twita nayo inapokea sauti za chini isizoziweza, ukiongeza sauti inalia. Zipo spika nzuri zenye krosova rahisi hivi, ila wufa zake zimetengenezwa zishuke zenyewe taratibu. Hii haikutengenezwa hivyo, na mtu yeyote aliyeisifia angeligundua hilo kwa bisibisi tu. Kwenye tangazo imeandikwa "krosova ya kisasa".

Chumba nitakigusa kwa kifupi. Chini ya kama 300 Hz mnachokisikia ni chumba kwa kiasi kikubwa. Spika yenye tundu la hewa nyuma ikibanwa ukutani itavimba besi, ikivutwa mbele itatulia, twita ikiwa chini ya sikio sauti za juu zitapungua. Kwa hiyo anayeandika "besi imezidi" bila kusema spika ilikuwa wapi hajaniambia kitu. Na wale wanaorekodi spika kwa simu halafu wanatuwekea video tusikilize "ubora wake", hivi mnatutania? Nasikia spika yenu, ndani ya chumba chenu, kupitia maiki yenu, imebanwa na mtandao, halafu inatoka kwenye spika yangu mimi. Nikisikia uzuri hapo, wa nani?

Ninachotaka ni kidogo. Sikiliza spika moja, sio jozi, kwa sababu stereo inaficha makosa mengi, na hilo nalo lilishapimwa. Anza na sauti ya mtu anayeongea bila muziki, tena mtu unayemfahamu sauti yake. Sawazisha ukubwa. Mwombe mwenzako abadilishe huku umefunikiwa kitambaa mbele usione. Kaa nayo mpaka uchoke au usichoke. Kisha uandike umbali na ukuta, amplifaya gani, na kama umepewa bure useme umepewa bure.

Na kwa mnaojiandaa kuniambia "zipige masaa mia kwanza zizoee": mpira wa koni unalegea kidogo, tena mapema sana, ukishaanza kuupiga. Kinachozoea kwenye hayo masaa mengine ni sikio lako. Kapasita moja haioti koili kwa kupigiwa muziki. Mwenye kuijua krosova ya kutengeneza mwenyewe kwa wufa ya omu 4 anisaidie mchoro hapo chini, wengine pitieni tu.