MREJESHO: Bibi mwenye kiharusi, kidonda cha kulala na mkataba

Wakuu habari zenu, ni yule dada niliyeuliza kuhusu bibi ninayemhudumia kwake Tabata, kaanza kidonda juu ya makalio na familia walikuwa hawataki kuniandikia mkataba wa kazi. Asanteni sana wote.

Kumgeuza kila masaa mawili ndo kumesaidia kuliko vyote, nimeweka alamu kwenye simu, mto katikati ya magoti na mwingine chini ya miguu ili visigino visiguse godoro, na mliyesema niache kusugua palipokuwa pekundu Mungu akubariki maana nilifundishwa kupakanda na mafuta. Nesi anakuja kusafisha, harufu imekata na nyama nyekundu inajaa. Sasa hivi bibi akichoka upande mmoja ananigonga mkono mwenyewe, nafurahi mno. Godoro la upepo walinunua ila umeme ukikatika linanywea, so kugeuza kuko palepale.

Mkataba tumeandikiana, mshahara na Jumapili ya kupumzika vimo. Kunichangia NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) familia wamegoma, na usiku bado niko peke yangu, hapo naendelea kuongea na binti mkubwa wa bibi.